Mtandao wa Nyumbani: Tuulize Kabla ya Kulipa



Zamani mzee wa nyumba alipotaka kununua ng'ombe hakutosheka na maneno ya mwenye kuuza. Alimtazama meno, akamwona akitembea, akawauliza majirani kama ng'ombe yule alikuwa akitoa maziwa kweli. Leo mzee huyo huyo ataka intaneti ya nyumbani, wala haulizi neno. Aona tangazo lenye rangi nzuri na tarakimu kubwa, atia sahihi, alipa faranga zake. Baadaye watoto wakishindwa kufungua masomo yao, husema, "Mitandao yote ni wezi." Mimi sikubali neno hilo. Wauzaji wana makosa yao, lakini nasi wanunuzi tumewaachia nafasi. Wazee walisema kibaya chajitembeza, kizuri chajiuza.

Kwetu Rusizi jambo hili si mchezo. Mwalimu atoa kazi jioni, na majibu yake yamo katika intaneti. Mama auza samaki sokoni Kamembe, na fedha anazolipia mtandao ni zile zile za daftari na sabuni. Basi kosa la kuchagua vibaya halimwumizi mwenye kampuni. Lamwumiza mtoto aliye na mtihani.

Kwanza, tujue njia zilizopo. Iko njia ya waya wa fiba, yaani nyuzi nyembamba za kioo zipitishazo mwanga. Iko njia ya mnara, ambayo ni ile ile ya simu, ila nyumbani huwekwa ruta yenye kadi yake. Tena iko njia ya dishi na setilaiti. Starlink ilipata leseni ya Rwanda mwezi wa Februari 2023, na setilaiti zake huzunguka karibu na ardhi. Setilaiti za zamani hukaa mbali sana, karibu kilomita 36,000, hata sauti ya mtu huchelewa kiasi cha nusu sekunde kabla jibu halijarudi.

Ipi ni bora? Swali hilo peke yake halina jibu. Lililo na jibu ni hili: ipi ni bora kwa nyumba yangu, mahali ilipo? Uti wa mgongo wa fiba wa nchi yetu ulifika wilaya zote 30 kufikia mwaka 2011, lakini kufika wilayani si kufika mlangoni. Aliye katikati ya Kamembe huenda waya ukapita mbele ya duka lake. Aliye kisiwani Nkombo, au kwenye vilima karibu na msitu wa Nyungwe, akingoja waya huenda akangoja sana. Huyo dishi yaweza kumfaa, mradi mbingu iwe wazi juu yake bila miti, na awe na umeme wa kutosha, maana dishi hula umeme zaidi ya ruta ndogo. Aliye bondeni, kilima kikamzibia mnara, asidanganywe na jirani wa juu asemaye mtandao wake ni mzuri. Wote wawili wasema kweli, kila mtu na mahali pake.

Nasi wa mpakani tuna shida yetu wenyewe. Bukavu iko ng'ambo tu ya mto Ruzizi, na mawimbi ya minara hayaulizwi pasipoti. Simu au ruta yaweza kushika mnara wa Kongo wakati mwenyewe ameketi sebuleni kwake Rwanda, akatozwa kama msafiri. Mwaka 2014 Rwanda, Kenya na Uganda zilipatana kupunguza gharama za kupigiana simu kwa wasafiri, lakini Kongo haikuwamo katika mapatano hayo. Kwa hiyo kila nyumba ya mpakani haina budi kufungua mipangilio ya chombo chake, ichague mtandao wake kwa mkono, wala isiache chombo kijichagulie.

Pili, tujifunze kusoma tarakimu. Tangazo husema megabiti, lakini faili tunazozifungua hupimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Basi mtandao wa megabiti 10 kwa sekunde huleta megabaiti 1 na robo tu. Somo la video lenye megabaiti 300 litachukua dakika 4, tena ikiwa hakuna mwingine nyumbani atumiaye. Tangazo likisema "mpaka megabiti 50", tulitazame sana lile neno "mpaka". Maana yake ni kwamba hutapata zaidi ya hizo. Halikuahidi kuwa hutapata pungufu. Mnara mmoja hugawanywa na watu wengi, na ifikapo saa mbili usiku wote wamerudi makwao. Nyumba moja niijuayo mtaani kwetu ilijaribu mtandao saa nne asubuhi, ikafurahi, ikalipa. Usiku ule ule watoto walikaa wakitazama duara likizunguka. Basi kipimo cha kweli ni cha usiku. Mwombe jirani wa mtaa huo huo akuonyeshe wa kwake saa hiyo; kuuliza si ujinga.

Wala tusinunue kasi tusiyoihitaji. Video moja inayoonekana vizuri hutaka kiasi cha megabiti 5. Nyumba yenye watu wawili watazamao na mmoja asomaye, megabiti 20 zikifika kweli zinawatosha. Anayeuza 100 hakosei kuuza, ila wewe wakosea kununua kama mzigo wako ni wa punda nawe wakodi lori.

Tatu, tusilipe mwaka mzima mbele. Wapo wasemao, "Ukilipa miezi 12 wapewa mmoja wa bure." Ni kweli, na faida hiyo si ndogo. Lakini tukumbuke historia yetu. Rwandatel ilikuwa kampuni kubwa, na mwaka 2011 ilinyang'anywa leseni ya simu za mkononi. Tigo iliingia Rwanda ikapata wateja wengi, na mwaka 2018 ikamezwa na Airtel. Tangu mwaka 2014 mtandao wa 4G uliuzwa kwa jumla na kampuni moja iliyoundwa na Serikali pamoja na Korea Telecom. Makampuni mengine yalinunua kwake na kutuuzia. Mwaka 2023 mlango ukafunguliwa, wengine nao wakaruhusiwa kujenga 4G yao. Kwa hiyo katika miaka ile mtu aliweza kuhama kampuni na bado apite barabara ile ile, akabadili jina la duka tu. Biashara hii hugeuka upesi. Mwezi mmoja wa bure hautoshi kumfunga mtu mwaka mzima.

Nne, kuna habari ya televisheni. Wauzaji hupenda kufunga vitu viwili kwa kamba moja: intaneti na vituo vya televisheni. Baba zetu hupenda mpira, wala si dhambi. Lakini tangu Rwanda ilipoacha matangazo ya mtindo wa zamani mwaka 2014, mtu mwenye king'amuzi na antena aweza kuona vituo kadhaa bila malipo ya kila mwezi. Maoni yangu ni haya: fedha zikiwa chache, intaneti itangulie, vituo vya kulipia vifuate. Kwa intaneti mtoto asoma, mama auliza bei ya sokoni, na hata mpira waweza kufuatwa. King'amuzi cha kulipia hakiwezi kufanya kazi ya shule. Najua neno hili litaniletea ugomvi na baadhi ya wazee, nami naomba radhi, ila sitaliondoa.

Tano, tudai maandishi. Je, umeme ukikatika mtandao utaendelea? Ruta isiyo na betri hulala pamoja na taa. Je, kikomo cha matumizi ni kipi, na baada ya kikomo kasi hushuka hadi wapi? Fundi wake yuko Kamembe, au atatoka Kigali, zaidi ya kilomita 200? Je, kampuni ina njia ya pili? Nchi yetu haina bahari. Nyaya kubwa hufika Mombasa na Dar es Salaam, ndipo zije kwetu kupitia Uganda na Tanzania. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na Afrika ya Mashariki nzima ikaona uzito. Mwenye njia moja tu husimama. Mwenye mbili hujikongoja akafika.

Majibu yote yaandikwe, na risiti zitunzwe. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mtandao ukikosa, andika siku na saa, upeleke kwanza kwa kampuni yenyewe. Wasipokusikiliza, iko RURA, mamlaka ya nchi isimamiayo kazi hizi. Mlalamikaji mwenye daftari husikilizwa kuliko mwenye kelele.

Ndugu wanafunzi, wengi wetu twasoma mikataba hii vizuri kuliko wazee wetu, kwa kuwa sisi ndio tuliofundishwa. Basi siku kijana wa kampuni atakapobisha hodi, tusikimbilie kuuliza siri ya kuingilia tu. Tuketi karibu na baba na mama, tuwasomee ile karatasi kwa sauti, mstari kwa mstari, kabla kalamu haijagusa mahali pa sahihi.