Khofu Iliyovaa Nguo ya Haya



Saratani ya mlango wa kizazi huua zaidi ya wanawake 3,000 nchini Kenya kila mwaka, ilhali ni katika saratani chache zinazoweza kugunduliwa kabla hazijawa saratani. Mabadiliko yake huchukua miaka mingi, mara nyingi 15 hadi 20. Kipimo kimojawapo ni cha dakika chache: muuguzi hupaka siki iliyozimuliwa, na sehemu yenye kasoro hugeuka nyeupe. Mwongozo wa Wizara ya Afya wa mwaka 2018 wawahimiza wanawake wa miaka 25 hadi 49 wapimwe. Hata hivyo, wengi hawaendi.

Kuwaita wajinga ni rahisi, wala si haki. Wapo wanaojua kipimo ni kipi na hufanywa wapi, na bado miguu ikawa mizito. Twauliza, basi: moyoni mna nini?

Jibu la kwanza tulisikialo ni haya. Haya ni katika imani, nasi hatuibezi. Lakini mama huyo huyo alijifungua mbele ya wakunga asikatae. Kule alikwenda kupokea mtoto. Huku ahisi aenda kupokea habari mbaya. Aghalabu, basi, ni khofu iliyovaa nguo ya haya.

Hapo pia twafahamu kwa nini wanawake hawalingani katika kupimwa. Mwenye mtoto mchanga hufika kliniki kwa ajili ya chanjo, na huko huenda akakumbushwa. Aliyemaliza kuzaa, mjane, na asiyejaaliwa mtoto hawana linalowapitisha mlango huo. Kwao ni safari ya peke yao, na khofu ndiyo mwenzi wao wa njiani.

Jambo la pili ni ulimi wa watu. Maradhi haya husababishwa na kirusi cha HPV, kinachoambukizwa kwa njia ya jimai. Basi mke achelea kudhaniwa mchafu. Ukweli ni kuwa watu wengi walioingia katika ndoa hukipata wakati fulani bila kujua, na chaweza kukaa mwilini miaka kabla hakijaonekana. Kupatikana nacho si ushahidi wa zinaa, si kwa mke wala kwa mume. Dhana mbaya ni dhambi.

La tatu ni kusema, "Yaliyoandikwa yatakuwa." Sayyidna Umar, radhi za Allah zimshukie, aliporejea njiani asiingie Sham yenye tauni, aliulizwa kama aikimbia kadari. Alijibu kuwa aitoka kadari ya Allah kuiendea kadari ya Allah. Kujikinga nako kumeandikwa.

Enyi mama na dada zetu, ombeni muuguzi wa kike. Sharia yaruhusu kufunua kwa haja ya tiba, kwa kadiri ya haja. Pale penye kipimo cha HPV, ulizeni kama mwaweza kujichukulia sampuli wenyewe. Nanyi waume, toeni nauli bila maswali ya kutuhumu. Na aliyekwisha kupimwa amshike mkono shangazi au jirani asiye na mtoto wa kumpeleka kliniki, aende naye. Khofu ya wawili ni nyepesi.

Allah atuafu na awaponye wagonjwa wetu. Amin.