Nywele za Pupe: Meshi Gani, na Zishikwe Namna Gani



Katika mkutano wa siku ya posho mliniuliza swali moja: kwa pupe za Saint-Nicolas, tununue nywele zilizotengenezwa kwa ajili ya pupe, ao tutumie meshi za soko, zile tunazosukia vichwa vyetu? Niliahidi kujibu hapa. Meshi zinatosha. Zinapatikana soko la Kenya na soko Mzee Kabila, na mikono yetu inazijua. Lakini kuchagua meshi ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni namna nywele zinavyoshikwa kichwani, na hiyo nilijifunza kwa haya.

Mwaka jana nilishona pupe ya kitambaa kwa watoto wa darasa langu. Nilikuwa na haraka, nikabandika nywele kwa gundi, ile tunayoiita kole. Ilipendeza. Baada ya majuma mawili mtoto mmoja aliiomba, akaenda nayo nyumbani. Kesho yake mama yake alikuja masomoni, kitoto kichanga mgongoni. Usiku kucha kitoto kile kililia. Walipima homa, hakuna. Walidhani ni tumbo. Asubuhi alipokivua soksi aliona uzi mmoja wa meshi umejizungusha kwenye kidole cha mguu, na kidole kimevimba, chekundu kama nyanya. Waliukata polepole kwa mkasi mdogo, na kidole kikapona. Mama yule hakunigombeza. Alisema tu, “Mama Mwalimu, ule uzi ulitoka kwa pupe yako.” Sikuwa na neno la kujibu.

Waganga wanalijua jambo hili. Uzi mwembamba, ao hata unywele wa mama mwenyewe, ukijifunga kwenye kidole cha mtoto huzuia damu. Mtoto mchanga akilia bila sababu unayoiona, mvue nguo zote, mtazame vidole vya mikono na vya miguu kimoja kimoja, na kama ni mvulana, tazama pia uume wake. Ukishindwa kuutoa uzi wote, usingoje: kimbia naye hospitali.

Sasa tuje kwenye meshi. Zote hazifanani, hata kama rangi ni moja. Kuna za modakriliki, na humo ndimo ilimo Kanekalon, inayotengenezwa na kampuni ya Kaneka ya Japani. Kuna za poliesta, kuna za nailoni, na kuna za polipropileni, ambayo ni ndugu ya plastiki ya magunia. Karatasi ya pakiti husema jina, lakini si kila pakiti husema kweli. Kwa hiyo tujaribu wenyewe.

Jaribio la kwanza ni la maji. Kata nyuzi chache, urefu wa ukucha. Tia maji kwenye glasi pamoja na tone la sabuni ili povu la hewa lisizibebe. Zizamishe kwa kidole, kisha uziache. Polipropileni huelea, kwa sababu ni nyepesi kuliko maji. Modakriliki, poliesta na nailoni huzama. Jaribio hili halina hatari, hata watoto wanaweza kulifanya pamoja nawe. Darasani kwangu walishangilia kama mpira.

Jaribio la pili ni la moto, na hili ni la mtu mzima peke yake, nje ya nyumba, mbali na watoto. Shika uzi mfupi kwa kibano, usogeze kwenye njiti ya kiberiti, kisha uuondoe. Modakriliki hujikunja na kuwa nyeusi, na ukiiondoa motoni huzimika yenyewe. Polipropileni huendelea kuwaka, hudondoka, na hunuka kama mshumaa. Usiinamie moshi, maana moshi wa modakriliki ni mbaya kwa kifua.

Mimi huchagua modakriliki. Ni laini, inakubali kusukwa, na inashika mawimbi kwa maji ya moto, kama msusi anavyochovya ncha za rasta. Polipropileni ni bei nafuu, lakini ina utelezi kama nta, fundo lake hulegea, haishiki mawimbi vizuri, na mtoto akiichana siku chache huvurugika. Ukiwa nayo tayari usiitupe: itafaa kwa misuko iliyofungwa ncha kwa uzi. Meshi yoyote, usiipitishie pasi wala usiisogeze kwenye mbabula.

Kabla ya kushona, fua meshi kwa sabuni, suuza mara mbili, anika kivulini. Mara nyingi hutoka pakiti na dawa juu yake, ile inayotuwasha kichwani, na pupe huishia mdomoni mwa mtoto. Mabaki ya pakiti yanafaa kabisa, nanyi wenye kusuka nyumbani mnayo mengi. Lakini zile zilizofumuliwa kwenye kichwa cha mtu tuziache, maana zina mafuta, na nywele zake mwenyewe zimo ndani.

Ukitaka mawimbi, yafanye kabla nywele hazijashonwa, ili nguo ulizojaza ndani ya kichwa zisilowe. Zungushia meshi kwenye penseli, funga kwa uzi, mwagia maji ya moto, kisha iache ipoe na kukauka kabisa ndipo uifungue. Ukiifungua ingali moto, mawimbi yatanyooka. Watoto wasiwe karibu na maji hayo.

Sasa kushika. Gundi peke yake, hapana. Kitambaa kikifuliwa gundi hupasuka, na mtoto akivuta, kishungi kizima hutoka. Tumia sindano ya krosheti, kama tunavyosuka meshi juu ya matuta. Kichwa kiwe cha kitambaa kizito, tabaka mbili. Chukua kishungi chembamba kama njiti ya kiberiti, ukunje katikati. Ingiza krosheti kwenye kitambaa na itokee nafasi ya punje ya mchele kutoka hapo. Vuta pindo la kishungi kidogo, kisha pitisha ncha zote mbili ndani ya pindo hilo na ukaze. Anza nyuma ya shingo, zunguka, ukipanda mstari kwa mstari mpaka utosini. Ukimaliza kila mstari, pitisha mshono wa kurudi nyuma juu ya mafundo, kwa uzi mgumu. Mshono huo ndio unaozuia fundo kulegea.

Pupe ikiisha, shika nywele mahali pengi na uvute kama mtoto mwenye hasira. Chana mara nyingi juu ya kitambaa cheupe, uhesabu nyuzi zilizoanguka. Kishungi kikitoka, pupe hairuhusiwi kwenda sokoni. Irudi kwa fundi.

Na kwa watoto chini ya miaka 3, tusiweke meshi hata kidogo. Mmeona kwenye makaratasi ya michezo inayotoka ng'ambo ile alama ya duara, uso wa mtoto na namba 0-3, imepigwa mstari mwekundu. Inasema mchezo huo una hatari kwa mtoto wa umri huo. Pupe yetu ya wadogo ivae kilemba cha kikwembe kilichoshonwa kuzunguka kichwa chote, na nywele za mbele zichorwe kwa uzi wa kutarizi. Mafundi wetu wana vipande vya vikwembe tele, na pupe hiyo inapendeza kuliko nyingi.

Neno moja juu ya rangi. Kwenye pakiti mnasoma 1, 1B, 2, 4: nyeusi kabisa, nyeusi ya kawaida, kahawia nzito, kahawia. Nawaomba tuanze na hizo. Katika miaka ya 1940, Kenneth Clark na mke wake Mamie, wanasaikolojia weusi wa Marekani, waliwaonyesha watoto weusi pupe zilizofanana kwa yote isipokuwa rangi, wakauliza ipi ni nzuri, ipi ni mbaya. Wengi walichagua nyeupe kuwa nzuri. Kazi yao ilitajwa mahakamani mwaka 1954, katika hukumu iliyokataza kutenga watoto weusi na weupe katika masomo ya serikali. Nilipowauliza wanafunzi wangu pupe yetu iwe na nywele gani, wa kwanza alisema za manjano, ndefu mpaka miguuni. Sikumgombeza. Nilileta meshi 1B, tukaisuka pupe matuta manne kama yake mwenyewe. Sasa kila asubuhi ndiye anayeitafuta wa kwanza. Tena kusuka kunazoeza vidole.

Najua mtasema: kwa gundi, mtu mmoja anamaliza pupe tano kwa siku moja, kwa krosheti anamaliza moja. Ni kweli. Tukifuata njia hii, hatutafikisha pupe 30 tulizotaka kabla ya tarehe 6 ya mwezi wa 12. Labda tutafikisha 10. Feza itakayoingia kwenye sanduku letu itapungua, na najua wengine wameihesabia karo ya masomo. Lakini wanaonunua kwetu ni jirani zetu wa hapa Kasapa. Usiku kitoto kikilia ukutani kwa jirani, nataka niwe na hakika kwamba si uzi wangu.

Kwa hiyo siku ya posho tuamue pamoja. Kila mmoja alete sindano ya krosheti, kipande cha kitambaa kizito na mabaki ya meshi. Mimi nitaleta glasi na maji. Tutaanza kwa kuona zipi zinaelea.