Aulizwe Aliyeanguka



Kila msimu twasikia kwamba fulani kaanguka mkarafuuni. Atuaye kwa miguu hushukuru Mungu kwamba mgongo umesalimika, kumbe kifundo cha mguu kimevunjika. Hupelekwa Hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani, akapigwa picha, akatiwa plasta. Baada ya wiki sita hivi plasta hukatwa, mfupa umeunga, nasi sote husema amepona. Karafuu haingoji, ikichanua imeharibika. Basi mtu hurudishwa juu.

Je, yeye mwenyewe ameulizwa?

Picha huonyesha mfupa. Haionyeshi maumivu ya alfajiri wala uvimbe wa jioni. Mwaka 1984 mabwana wawili wa Uswidi, Olerud na Molander, walitoa karatasi ya maswali tisa ambayo mgonjwa huijibu mwenyewe: maumivu, ugumu wa kiungo, uvimbe, kupanda ngazi, kukimbia, kuruka, kuchutama, kutegemea fimbo, na kazi zake za kila siku. Jumla ni alama 100. Maumivu yana 25, kazi 20.

Twaipenda karatasi hiyo, ila tuna neno nayo. Kuchutama kumepewa alama 5 tu! Hapa Wambaa mtu huchutama chooni, huchutama kuokota mpeta chini ya mti, na katika tahiyatu huukalia mguu wake. Wala haiulizi juu ya kuukaza unyayo kwenye shina wakati wa kushuka, na hapo ndipo penye hatari.

Kwa hiyo twaona Chama kiwe na karatasi yake, asomewe asiyejua kusoma, nayo ijazwe plasta ikikatwa, kisha mwezi wa tatu, wa sita, na mwaka ukitimia. Ambaye alama zake hazipandi arudishwe kwa daktari. ZSTC imewahi kutoa fidia kwa walioanguka, na ni jambo jema; lakini pasipo maandishi, achechemeaye mwaka mzima na aliyepona upesi huonekana sawasawa.

Wako watakaosema mchumaji atadanganya ili akwepe kazi. Sisi tumeona kinyume chake: huficha maumivu, kwani hulipwa kwa pishi alizochuma, na nyumbani wanamngoja.

Wenye maswali ya kuongeza wayalete katika mkutano wa tawi, kabla msimu haujaingia.