Likasi au Kolwezi: Tujenge Wapi?

Ajenda ya mkutano ikishakwisha, na bukari na sombe zikianza kupakuliwa, mazungumzo ya jumuiya yetu hurudi palepale: mwenye akiba kidogo anunue parseli wapi huko nyumbani? Lubumbashi wengi wanasema imewapita mfukoni. Mabishano yanabaki kati ya Likasi, mji uliotulea, na Kolwezi, mji ambao siku hizi unawaita watu wote. Vijana hutaja Kolwezi bila kusita. Wazee hutikisa kichwa na kuendelea kula. Tahariri hii inachukua upande, na tunaomba msome mpaka mwisho kabla hamjatuma pesa kwa yeyote.

Hoja ya vijana ina nguvu. Mwaka 2015 Katanga iligawanywa kuwa mikoa minne, na Kolwezi ikawa makao makuu ya Lualaba. Likasi ikabaki Haut-Katanga, chini ya kivuli cha Lubumbashi iliyo kilomita 120 tu kutoka kwake. Kuanzia hapo gavana, bunge la mkoa, ofisi za kodi na wageni wenye mikataba wote wakawa na sababu ya kulala Kolwezi. Kisha ikaja sheria mpya ya madini ya 2018, ambayo inagawa mrabaha hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa mkoa wenye mgodi, 15 kwa mji au sekta yenye mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Ukiwa na migodi ya Mutanda, Kamoto, na tangu 2021 Kamoa-Kakula pia, sheria kama hiyo inakuletea pesa kila mwezi. Kwa hiyo barabara za lami na majengo mapya ya Kolwezi yana chimbuko linalojulikana. Anayetafuta kazi ya fundi umeme, dereva wa malori makubwa au mhasibu, aende Kolwezi. Hatuna ubishi juu ya hilo.

Likasi ilijengwa kwa kazi nyingine. Machimbo yalikuwepo, ndiyo, lakini uti wa mgongo wa mji ulikuwa viwanda: Panda, na kile cha Shituru ambacho kilianza kusafisha shaba kwa umeme mwaka 1929. Mji wa viwanda unamtegemea anayeviendesha. Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ilipoanguka, Likasi ilianguka nayo. Mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto ulibomoka Septemba 1990, na kampuni iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka ikateremka hadi chini ya tani 50,000 katika miaka michache. Mishahara ikasimama. Unga wa mposho ukakoma kuja. Kati ya 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari, kwa fedha za Benki ya Dunia. Kila familia ya Panda na Shituru inajua hiari hiyo ilikuwaje: baba aliyetumikia kampuni miaka ishirini na zaidi aliletewa karatasi ya kutia sahihi, baada ya miezi mingi bila mshahara, na watoto wamefukuzwa shule. Wengi wetu tuliomo katika jumuiya hii tuliondoka nyumbani kwa sababu ya karatasi hiyo.

Basi kwa nini tunasema Likasi?

Kwa sababu ya ardhi yenyewe. Nyumba ya kuishi inahitaji udongo ambao hakuna mwenye hamu nao. Kolwezi imekaa juu ya shaba na kobalti, na kila bei inapopanda huko duniani, mitaa ya Kolwezi inatetemeka. Mwaka 2014 mkazi mmoja wa Kasulo, mtaa wa Kolwezi, aliyekuwa akichimba kwenye parseli yake alikuta madini ya kobalti. Muda haukupita, mtaa mzima ukawa mashimo: sebuleni, jikoni, nyuma ya choo. Mwaka 2017 sehemu ya Kasulo ilihamishwa watu, ikazungushiwa ukuta, ikafanywa eneo la wachimbaji wadogo. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo walivyochukua hapo: wakazi wa Kasulo walikuwa na kobalti nyingi zaidi katika mkojo na damu kuliko watu wa mtaa wa jirani usiochimbwa, na watoto ndio walioathirika zaidi. Watoto, ndugu zangu. Hawakuwa wameshika sururu. Walikuwa wanacheza uani kwao.

Kasulo ungeweza kuitwa mtaa wa vurugu uliojichimba wenyewe. Cité Gécamines, humohumo Kolwezi, haiwezi kuitwa hivyo. Huo ni mtaa uliopangwa, wenye nyumba imara, maji na umeme, uliojengwa kwa wafanyakazi wa kampuni. Mgodi wa Musonoie ulipofufuliwa mwaka 2015 pembeni yake, ukaanza kupanuka kuelekea kwenye nyumba. Ripoti ya Amnesty International ya 2023 inasimulia familia zilizoona kuta zikipasuka kwa baruti, zikahamishwa, na fidia waliyopewa haikutosha kununua nyumba ya hadhi ileile katika mji huohuo. Fikirini hilo kwa makini, ninyi mnaotuma dola mia mbili kila mwezi. Sheria yetu inatenganisha ardhi ya juu na madini ya chini. Hati yako ya parseli haikupi hata gramu moja ya kilicho chini ya sakafu yako, na mwenye kibali cha madini anaweza kukuhamisha kwa fidia. Wewe uko Brussels au Johannesburg. Nani atasimama kwenye meza ya fidia kwa niaba yako?

Likasi haina utakatifu wowote, na hatutaki mtu aende huko akidhani ameahidiwa bustani. Moshi wa asidi wa Shituru tumeuvuta tangu utotoni, na mito inayopita karibu na viwanda si ya kunywa. Upande wa kaskazini uko Kamatanda, ambako wachimbaji wanachimba karibu kabisa na mji, kwa hiyo anayeuziwa parseli ya bei nafuu upande ule ajue ananunua nini. Umeme unakatika, ingawa bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira linafanya kazi tangu 1930 na haliko mbali. Kolwezi nao wana mabwawa ya Nzilo na Nseke na bado wanalala gizani, maana viwanda na migodi hula kwanza.

Ila Likasi ina vilima, miti ya jakaranda, na mitaa ambayo mtoto anaweza kwenda shule kwa miguu. Ina Chuo Kikuu chake. Ina soko la Kikula ambalo mama zetu walilijua kabla ya sisi kuzaliwa. Na kuna Buluo. Kongo nzima inajua Buluo kwa gereza lake, na wako wanaoona aibu kusema wametoka huko. Sisi hatuoni aibu. Pembezoni mwa mji kama huko, watu walioachishwa kazi walishika jembe, wakapanda mahindi na viazi vitamu, wakasomesha watoto kwa mavuno hayo. Mahali ambapo familia ilistahimili miaka mibaya kuliko yote panastahili kuhesabiwa kuwa mahali pa kuishi.

Lipo jambo moja ambalo miji yote miwili inalibeba sawasawa. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, na maelfu walilala kwenye vituo vya treni kwa wiki na miezi wakisubiri mabehewa. Wengi walikuwa wamezaliwa hapohapo, na wengine walifia njiani. Watoto wao wamo katika jumuiya hii, wanaongea Kiswahili chetu, wanapika sombe yetu. Tunapouliza mahali pa kujenga, swali hilo ni lao pia, na kwetu jibu ni kwamba Likasi ni yao kama ilivyo yetu. Tungependa mamlaka za mji ziliseme hilo kwa sauti. Bado tunasubiri.

Sasa neno la sheria, kwa sababu wengi hawalijui. Ardhi ya Kongo ni mali ya serikali tangu sheria ya 1973. Mkongomani hupewa haki ya kuitumia bila ukomo. Mgeni hupewa kwa muda usiozidi miaka 25, unaoweza kuongezwa. Na katiba ya 2006 inasema uraia wa Kongo haushikwi pamoja na mwingine. Aliyeapa uraia wa Ubelgiji, Kanada au Marekani anahesabika mgeni mbele ya ofisi ya ardhi, hata kama kitovu chake kimezikwa Panda. Msisaini chochote mpaka mmejua mko upande gani wa sheria hiyo. Na karatasi ya chifu au ya mkuu wa mtaa haitoshi: kinachokulinda ni cheti cha usajili kutoka kwa konservateri wa hati za ardhi.

Msimamo wetu ni huu: kazi itafutwe Kolwezi, nyumba ya familia ijengwe Likasi. Wakati huohuo, wenye wazazi waliobaki na nyumba za Gécamines Panda au Shituru wasiziuze ili kununua kiwanja Lualaba. Tumesikia kwamba wanunuzi wanapita nyumba kwa nyumba wakiwa na pesa mkononi. Wapigieni wazee simu wiki hii, muwaulize hati ziko wapi na ziko kwa jina la nani, na muwaombe wasitie sahihi chochote kabla ya kuongea nanyi.