Msigombee Masafa, Gawaneni Saa

Mwezi uliopita mama mmoja kijana alinisimamisha nje ya kliniki ya watoto, mtoto mgongoni na kadi mkononi, akaniuliza swali ambalo sikulitegemea. Nilidhani ataniuliza habari za uji au homa ya usiku. Kumbe swali lake lilikuwa la redio.

"Shikamoo, nesi," alisema. "Mtaani kwetu sisi akina mama tuna kikundi, vijana wana chao, na majirani zetu wa kanisa la pili nao wana chao. Wote watatu tunataka kuomba leseni ya redio ndogo ya mtaa. Tumesikia masafa yaliyobaki ni mamoja tu. Sasa hata kusalimiana hatusalimiani."

Nilicheka, kisha nikaona aibu, maana jambo la namna hiyo lilishatupata mimi na wenzangu, nami nitawasimulia hapo mbele. Kwanza, mama mpendwa, naomba twende mbali kidogo, hadi Marekani. Huko vikundi vya mitaani vimekuwa vikigombania masafa madogo kwa zaidi ya miaka 20, na taratibu zao zinasema wazi nani apate na nani akose.

Mnamo Januari 2000 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia mawasiliano ilianzisha aina mpya ya leseni ya FM. Nguvu ya kituo isizidi wati 100. Mnazikumbuka zile balbu za zamani za wati 100 tulizokuwa tukiwasha sebuleni? Basi nguvu ya kituo ni kama ya balbu moja. Vituo vikubwa vya nchi hiyo hufika wati 50,000 na hata 100,000. Redio hii ndogo, ikiwa na antena ya kimo cha meta 30, husikika vizuri umbali wa kilometa tano na nusu hivi. Ni mtaa mmoja na majirani zake. Mtu binafsi haruhusiwi kuomba. Leseni ni ya shule, kanisa, msikiti, chama au kikundi kisichofanya biashara. Mwenye duka akiwasaidia mnaweza kumshukuru hewani, lakini hamruhusiwi kuwahimiza watu wakanunue sabuni kwake.

Wenye vituo vikubwa hawakufurahi. Walisema redio ndogo zitaingilia matangazo yao, na hata shirika la redio ya umma la nchi hiyo likawaunga mkono. Mwisho wa mwaka 2000 Bunge likapitisha sheria ya kuzibana redio ndogo. Niwaeleze kwa mfano wa wodi. Chukueni kwamba kila masafa ni kitanda. Sheria ilitaka redio ndogo ikipewa kitanda, vitanda vitatu vya kila upande visiwe na kituo kikubwa. Kijijini wodi haina wagonjwa wengi, nafasi ipo. Mjini wodi imejaa mpaka mlangoni. Kwa hiyo kwa miaka kumi redio hizi zilichipua zaidi vijijini na katika miji midogo, na miji mikubwa, yenye akina mama wengi wageni wasiojua Kiingereza, ikawa inatazama tu. Uchunguzi ulioagizwa na Bunge lenyewe ulionyesha mwaka 2003 kwamba hofu ile ilizidi ukweli. Hata hivyo ilichukua hadi tarehe 4 Januari 2011 ndipo Rais Obama alipotia sahihi sheria iliyokiachia kile kitanda cha tatu. Dirisha la maombi lilipofunguliwa Oktoba na Novemba 2013, yalimiminika maombi zaidi ya 2,800.

Kati ya waliopata ni Wasomali wa Minneapolis, katika jimbo la Minnesota. Jimbo hilo lina Wasomali wengi kuliko jimbo lingine lolote la Marekani, na wengi wao walipitia kambi za wakimbizi za Kenya, kwa hiyo si ajabu kumkuta mama huko anayekusalimia kwa Kiswahili. Redio yao, KALY, ilianza kusikika mwaka 2015 kwenye 101.7, ikatajwa kuwa redio ya kwanza ya Wasomali nchini humo. Kisomali kilipata maandishi rasmi mwaka 1972 tu. Idhaa ya Kisomali ya BBC ilianza mapema zaidi, mwaka 1957. Ndiyo kusema mabibi wengi wa Kisomali waliizoea redio kabla ya kitabu. Ukimpa bibi kama huyo karatasi ya maelezo ya kliniki, ataikunja vizuri na kuifungia vitumbua.

Mimi kama nesi naitazama Minneapolis kwa jicho la chanjo. Mwaka 2004 watoto 92 katika kila 100 wa Kisomali waliozaliwa Minnesota walikuwa wamechanjwa surua wakifikisha miaka miwili. Kufikia 2014 walikuwa 42 tu. Kilichotokea ni uvumi. Wazazi waliona watoto wao wengi wana usonji, wakatafuta sababu, na hakuna aliyewaeleza kwa lugha yao kwa upole. Pengo hilo likazibwa na wapinga chanjo. Andrew Wakefield, yule Mwingereza aliyefutwa kwenye daftari la madaktari mwaka 2010 baada ya andiko lake la kuhusisha chanjo na usonji kuonekana halifai, alifika mwenyewe Minneapolis kuzungumza na wazazi hao. Mwaka 2017 surua ikaja. Waliougua walikuwa 75, wengi wao watoto wa Kisomali ambao hawakuchanjwa. Kwa neema hakufa hata mmoja.

Sidai kwamba redio ya wati 100 ingeizuia surua ile. KALY ilikuwa na miaka miwili tu hewani, na uvumi ulikuwa na miaka kumi. Lakini nimefanya kazi hii miaka mingi na najua mama huamini sauti gani. Huamini sauti inayojua jina la mtaa wake, ambayo kesho atakutana nayo sokoni na kuiuliza, "Jana ulisema nini vile?" Kwa hiyo nikisikia vikundi vinagombania masafa sivicheki tena.

Sasa tuje kwenye ugomvi wenyewe. Marekani, vikundi viwili au zaidi vikiomba masafa mamoja mahali pamoja, hawaangalii nani ana fedha. Wanahesabu alama. Katika maombi ya 2013 alama ya kwanza ilikwenda kwa kikundi kilichokuwepo hapo walau miaka miwili. Na kuwepo si kwa maneno: katika miji mikubwa makao ya kikundi, au robo tatu ya wajumbe wa bodi yake, yawe ndani ya kilometa 16 kutoka kwenye antena. Alama nyingine ni ya kuahidi saa 8 kila siku za vipindi vinavyotengenezwa hapo hapo. Nyingine ni ya kuwa na studio yenye mtu wa kumpokea mgeni, walau saa 20 kwa juma. Wanaoahidi vyote viwili huongezewa moja. Tena ipo alama ya kikundi kisicho na kituo kingine chochote, na nyingine ya makabila asilia yanayotangaza kwenye ardhi yao.

Ahadi ni rahisi kuandika, kwa hiyo wengi walifungana kwa alama zile zile. Hapo vikundi vilipewa siku 90 vikae vyenyewe, vikubaliane kugawana saa. Masafa ni mamoja, antena inaweza kuwa moja, lakini asubuhi ni ya hawa na jioni ni ya wale. Kila kikundi sharti kipate walau saa 10 kwa juma. Wakishindwa kukubaliana, tume huchukua vikundi vitatu vilivyokaa hapo muda mrefu zaidi na kuvigawia saa sawa, na waliobaki maombi yao yanatupwa.

Kanuni hiyo ya umri mimi siipendi. Kikundi cha wazee chenye miaka 40 ya usingizi kinampita mama aliyeanza juzi na anayefanya kazi usiku na mchana. Lakini naona hekima yake: inawatia hofu wagombanaji. Ukijua ugomvi utakutupa nje, unajifunza kusalimia.

Nasi watu wa kanisa tusijifiche nyuma ya pazia. Mwaka 2003 tume hiyo ilipokea maombi zaidi ya 13,000 ya vituo vidogo vya aina nyingine, ambavyo kazi yake ni kurudia tu matangazo ya kituo kilicho mbali. Maelfu kati ya hayo yaliletwa na mashirika machache ya kidini, na mengine yalikusudiwa kuuzwa. Masafa ambayo yangewatosha mama wa mtaani au parokia maskini yakakaa yamezuiwa kwa miaka, yakisubiri kurudia mahubiri kutoka jimbo lingine. Injili ni njema, lakini haitaji bei ya nyanya ya leo wala kusema maji yamekatika mtaa gani.

Niliahidi kuwasimulia habari yetu. Miaka kadhaa iliyopita kituo kimoja cha redio mjini kwetu kilitupatia sisi akina mama wa kanisa nusu saa ya Jumamosi kwa kipindi cha afya, bila malipo. Wenzetu wa kanisa jirani nao waliomba nusu saa ile ile. Meneja, mtu muungwana, akasema, "Mama zangu, kapatanisheni, juma hili ninyi, juma lijalo wao." Tulikaa vikao vitatu. Tulibishana nani aanze, wimbo gani ufungue kipindi, na jina la nani litajwe kwanza. Mimi ndiye niliyekuwa katibu, na mimi ndiye niliyeandika barua ya kusema hatuwezi kushirikiana. Nusu saa ile ikanunuliwa na muuza dawa ya majani aliyedai inaponya presha na kisukari. Haikupita miezi minne, mama mmoja tuliyemfahamu wote aliletwa kwetu mdomo umepinda na mkono hauna nguvu. Vidonge vyake vya presha alikuwa ameviacha. Nilipomuuliza mumewe kwa nini, akasema, "Si redio ilisema?" Barua yangu ile ninayo bado, iko kabatini.

Haya, turudi karibu na nyumbani. Nairobi wana njia nyingine. Koch FM ya Korogocho iliyoanza 2006, Pamoja FM ya Kibera iliyoanza 2007, na baadaye Ruben FM ya Mukuru, zote zimekuwa zikirusha matangazo kwenye 99.9. Masafa ni yale yale, ila nguvu ni ndogo, hivyo kila moja inabaki kwenye mtaa wake. Ukipanda matatu ukavuka mji, redio ile ile bila kuguswa inakubadilishia watangazaji. Wamarekani wamegawana saa, Nairobi wamegawana ardhi. Tatizo la Nairobi liko mipakani, ambako sauti mbili hukutana na hakuna inayosikika. Na anayesimama juu ya mpaka mara nyingi ndiye mwenye nyumba ya mabati asiye na redio nyingine. Hata hivyo, tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2009 Kenya inazitambua redio za jamii kama daraja lake, kando ya za umma na za biashara, na hilo si jambo dogo.

Yule mama nilimwambia hivi. Sheria za kwetu si za Marekani, kwa hiyo waende kwenye ofisi ya mamlaka ya mawasiliano wakaulize masharti na ada kwa midomo yao, wasisikilize za mtaani. Lakini zile alama za wenzetu ziwape kazi tangu sasa. Je, kikundi kimesajiliwa? Daftari la mikutano lipo, lenye tarehe na sahihi, la miaka miwili nyuma? Wajumbe wanaishi hapo, au mwenyekiti amehama na anapiga simu tu? Nani atakaa studio saa za mchana wakati wengine wako sokoni? Wachukue karatasi, wachore juma zima lenye siku saba, na kila kikundi kiandike saa kinazoweza kuzijaza kweli, si kinazozitamani. Akina mama wengi wakifanya hesabu hiyo wataona hawawezi kujaza hata saa 15. Hapo ndipo vijana wanapoanza kuonekana wa maana.

Alinisikiliza, akambembeleza mtoto aliyekuwa anaanza kulia.

"Tatizo, nesi," alisema, "katibu wetu ndiye haongei na vijana."

"Daftari lenu anatunza nani?"

"Mimi."

"Basi nenda wewe," nilimwambia. "Na karatasi uichukue hii hii," nikampa ukurasa wa nyuma wa kalenda ya chanjo ya mwaka uliopita, ambao ulikuwa mweupe.