Lugha ya Hojaji na Mtafiti Anayeanza: Funzo Kutoka Bonde la Kilombero

Vitabu vinavyomfundisha mwanafunzi mbinu za utafiti wa sayansi za jamii aghalabu huanza na sampuli, hufuatisha hojaji na usaili, kisha humalizia na uchanganuzi wa data. Lugha, ikitajwa, hupewa aya moja tu: hojaji itafsiriwe katika lugha ya watafitiwa. Makala haya yanashikilia kuwa kwa mtafiti anayeanza, lugha ndiyo mbinu ya kwanza.

Ushahidi upo Ifakara, mji wenye maabara ya utafiti tangu 1957, iliyoasisiwa na Rudolf Geigy na ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Katika makala yao ya 1998, Susanna Hausmann Muela, Joan Muela Ribera na Marcel Tanner walionyesha kuwa wenyeji wa huko walikwisha kuyapokea mafunzo ya hospitali kwamba malaria huletwa na mbu. Hata hivyo, ilisadikiwa pia kuwa mchawi anaweza kuvificha vijidudu visionekane, au kuleta ugonjwa unaofanana na malaria ilhali si malaria. Sasa tuchukue swali la hojaji: "Malaria husababishwa na nini?" Mtafitiwa atajibu, "Mbu." Mtafiti atatia alama ya vyema na kuondoka, na imani inayoweza kuamua mgonjwa apelekwe hospitali au kwa mganga haikuguswa.

Neno degedege lina funzo kama hilo. Utafiti wa Makemba na wenzake, uliofanyika Bagamoyo na kuchapishwa 1996, ulionyesha kuwa wazazi huliona degedege kuwa ugonjwa wa peke yake. Mama aliyefiwa na mtoto kwa degedege, akiulizwa iwapo mtoto aliugua malaria, atasema hapana, naye atakuwa amesema kweli. Kosa ni la swali. Na kifo kile kitahesabiwa mahali pasipo pake.

Kuna pia dhana ya kaya. Msimu wa mpunga, wakulima wengi wa Kilombero huhamia mashambani, mbali na kijiji, wakaishi katika madungu kwa miezi kadhaa. Wazazi wakiwa shambani, na bibi akibaki kijijini na wajukuu wanaosoma, hiyo ni kaya moja au mbili? Mtafiti asiyeliuliza hilo mapema atakuta mlango umefungwa, ataandika kuwa hakuna watu, na sampuli yake itawakosa hasa wale wanaolala karibu na majaruba na mbu.

Wapo watakaosema kuwa tafsiri rejeshi hutatua tatizo hili. La hasha. Tafsiri hiyo huthibitisha tu kuwa wafasiri wawili wamekubaliana. Haithibitishi kuwa Mndamba, Mpogoro au Msukuma aliyehamia bondeni hulitumia neno lile kwa maana ile ile.

Kwa hiyo, mwanafunzi na aanze na mazungumzo huria, akusanye maneno ya wenyeji, kisha aitunge hojaji kwa Kiswahili tangu mwanzo. Aijaribu kijijini na shambani pia. Jibu aliandike kwa maneno ya msemaji kabla ya kulipa namba. Nasi wa idara za Kiswahili tusingoje kuletewa hojaji zilizokwisha kutungwa ili tusahihishe sarufi. Mahali petu ni katika darasa la mbinu za utafiti, siku ya kwanza.