Mlango wa gereza unafunguka, lakini daftari linabaki



Kila mara redio inapotangaza kwamba wafungwa wamefunguliwa, furaha inaingia katika nyumba nyingi. Mwezi wa Machi 2019, Rais Félix Tshisekedi alitoa msamaha kwa wafungwa wapatao 700. Kisha ya vifo vya gereza la Makala kule Kinshasa, tarehe 2 Septemba 2024, ambapo serikali ilihesabu watu 129, wafungwa wengine waliachiliwa ili msongamano upungue. Sisi hapa Lubumbashi tunaliangalia gereza la Kasapa, lililojaa kupita kiasi, tunasema: Mungu atukuzwe kwa kila anayetoka.

Lakini kuna neno moja ambalo makanisa yetu hayajalifundisha vizuri. Mtu anaweza kutoka gerezani na hukumu yake ikabaki. Mlango unafunguka, daftari linabaki.

Tuchukue mfano. Kijana alihukumiwa kwa sababu ya wizi. Alimaliza miezi yake, akarudi nyumbani, akaoa, akajifunza kazi ya kuunganisha vyuma. Siku moja kampuni ya madini inatafuta wafanyakazi. Katika makaratasi inayoomba kuna kasie judisiere, yaani karatasi inayoonyesha kama mtu aliwahi kuhukumiwa. Hiyo si ile karatasi ya mwenendo mwema inayotolewa komini. Hii inatoka upande wa sheria, na inasema yale ambayo jirani mwema hawezi kuyafuta. Mkono wake unajua kazi, lakini jina lake linasimamishwa mlangoni. Hapa Katanga, ambapo mkate wa jamaa nyingi unatoka mgodini, jambo hilo linaweza kumrudisha mtu kule alikotoka.

Misamaha ni ya namna mbili

Watu wanachanganya msamaha wa Rais na amnistia. Katika sheria ni vitu viwili.

Msamaha wa Rais unatoka katika kifungu cha 87 cha Katiba ya mwaka 2006. Rais anaweza kuondoa adhabu, kuibadilisha au kuipunguza. Anachogusa ni adhabu. Hukumu yenyewe haifutwi: tribinali ilisema mtu huyu alikosa, na neno hilo linabaki limeandikwa.

Amnistia inapitishwa na Bunge kwa njia ya sheria. Hiyo inashuka mpaka kwenye mzizi: kosa lenyewe linahesabiwa kana kwamba si kosa tena. Ninyi wa Kivu mnaikumbuka sheria ya tarehe 7 Mei 2009 iliyohusu vita vya Kivu ya Kaskazini na ya Kusini, na ile ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya uasi, matendo ya vita na makosa ya kisiasa. Ile ya 2014 ilimtaka kila mtu aandike ahadi kwamba hatarudia. Iliacha nje mauaji ya kimbari, makosa ya vita na ubakaji. Na haikuondoa haki ya walioumizwa ya kudai malipo.

Tuangalie basi nani anapata nini. Waliobeba silaha wameandikiwa sheria za kufuta makosa yao, zaidi ya mara moja. Kijana aliyeiba simu hana Bunge linalokaa kwa ajili yake. Mwenye bahati anapata msamaha wa Rais, na daftari linabaki. Hilo tunaliona kuwa si haki.

Hata wale waliokimbia wajue jambo hili. Munzenze ya Goma ilipovunjwa tarehe 27 Januari 2025, maelfu walitoka, na wanawake wengi walikufa kwa moto. Tunaendelea kulia pamoja na jamaa zao. Lakini aliyetoka kwa njia hiyo hakusamehewa na mtu yeyote kwa sheria. Kesi yake au hukumu yake inaendelea kumngoja.

Wale ambao hawakuhukumiwa

Kuna kundi jingine, tena kubwa. Katika magereza yetu wengi waliofungwa hawajahukumiwa bado. Wanangoja juji, miezi, wakati mwingine miaka. Wengine wanatoka bila tribinali kusema neno. Mbele ya sheria, mtu wa namna hiyo hana hukumu, ni mtu safi. Lakini katika mtaa ataitwa "mufungwa wa Kasapa" mpaka siku ya kuzikwa. Daftari hilo haliko parke. Liko midomoni mwetu, na pengine liko kwenye benchi la nyuma la kanisa letu.

Tunachoweza kufanya

Kwanza, tufike mapema. Msaada ulio mkubwa unapatikana siku ya kesi kuliko siku ya kutoka. Kifungu cha 42 cha sheria yetu ya adhabu kinamruhusu juji kusimamisha kifungo kisichozidi mwaka mmoja, kwa mtu ambaye hajawahi kuhukumiwa kifungo. Juji anaweka muda, usiozidi miaka 5. Mtu akiupitisha bila hukumu ya kosa jipya, hukumu ile inahesabiwa kana kwamba haikuwako. Huo ni mlango wa kweli wa kuanza upya, na uko ndani ya sheria tangu zamani. Lakini lazima mtu auombe. Asiye na feza ya kulipa avoka aulize ofisi ya mashauri ya bure ya chama cha maavoka. Mchungaji au shemasi anaweza kumsindikiza.

Pili, tumfundishe anayetoka kutunza makaratasi: karatasi ya kufunguliwa, nakala ya hukumu, au uamuzi wa kumwachilia. Aliyeachiliwa na juji bila kuwa na karatasi atasumbuliwa tena na tena. Kanisa linaweza kumtunzia nakala.

Tatu, tuwaulize wabunge wetu. Uingereza ina sheria ya mwaka 1974 inayosema kwamba makosa mengi, kisha ya miaka fulani ya mwenendo mwema, hayadaiwi tena mtu anapoomba kazi za kawaida. Afrika Kusini, aliyepewa adhabu nyepesi anaweza kuomba hukumu yake ifutwe kisha ya miaka 10. Kwetu mtu wa kawaida haoni njia iliyo wazi na ya bei ndogo. Tuombe njia kama hiyo, yenye muda unaojulikana, bila kumtegemea mkubwa fulani.

Hatusemi kila kitu kifichwe. Aliyemharibu mtoto hapewi darasa la Shule ya Jumapili, hata akitubu kwa machozi. Kumsamehe ni jambo moja, kulinda watoto ni jambo jingine. Vilevile aliyeibiwa asisahauliwe. Zakayo hakuishia kusema ametubu. Alirudisha, tena mara nne.

Lakini tukumbuke pia Onesimo. Paulo hakumrudisha kwa Filemoni kwa maneno matupu. Aliandika barua, akaweka jina lake mwenyewe, akakubali kulipa deni kama lipo. Aliweka karatasi nyingine mbele ya ile iliyomshitaki Onesimo. Ni nani kati yetu ameandika barua ya namna hiyo kwa bosi, kwa mwenye nyumba, kwa baba mkwe?

Jumapili hii, kila kusanyiko liulize: kati yetu kuna nani aliyetoka gerezani, na tunamwita kwa jina gani? Sheria ya nchi itachukua muda kubadilika. Daftari la midomo yetu tunaweza kulifunga leo.

Bwana awalinde, hasa ninyi mnaosoma haya katikati ya vita.